Kodi Ilipwe, Lakini Karatasi Ibaki Mkononi



Kila mwisho wa mwezi ofisi ya tawi letu hujaa watu. Zamani wengi walikuja kwa ajili ya mshahara uliokatwa, saa za ziada zisizolipwa, au msimamizi aliyemtukana mtu mbele ya wenzake. Siku hizi wengi huja na habari za nyumba. Mmoja amerudi kutoka zamu ya usiku akakuta chumba chake kina kufuli la pili. Mwingine amepandishiwa kodi kutoka shilingi 70,000 hadi 110,000 kwa neno la mdomo. Wa tatu anadaiwa miezi minne ambayo anaapa kwamba aliilipa. Mimi, kabla ya kusema lolote, humwuliza kila mmoja: "Risiti zako ziko wapi?" Basi hapo ndipo kimya huingia.

Jambo hili linanishangaza sana. Mfanyakazi yule yule ambaye akikatwa shilingi 2,000 atasimama kwenye dirisha la karani mpaka aonyeshwe hesabu, ndiye anayempa mwenye nyumba shilingi 80,000 mkononi, jioni, mlangoni pa chumba, wakasalimiana na kuagana. Hakuna karatasi wala shahidi. Mwezi ukiisha wanarudia vivyo hivyo. Siku ugomvi ukizuka, anabaki kuapa kwa Mungu wake, na mwenye nyumba naye anaapa kwa wake.

Wako watakaosema: chama cha wafanyakazi kina kazi gani na nyumba za kupanga? Nawajibu hivi. Katika nchi yetu ya Uganda kima cha chini cha mshahara kilichowekwa kisheria mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha, Rais akakataa kuutia sahihi. Kwa hiyo kila shilingi tunayopata juu ya hapo tumeitafuta kwa mazungumzo na waajiri, mkataba mmoja baada ya mwingine. Sasa ikiwa chama kimekaa mezani mwaka mzima kikapata nyongeza ya shilingi 20,000, na mwenye nyumba akaichukua yote kwa kusimama uani na kutamka maneno matano, ni nani aliyeongezwa mshahara? Si wewe.

Lakini leo sikuja kuwachochea dhidi ya wenye nyumba. Nimekuja kuwaonya juu ya kosa ambalo sisi watu wa chama tunalifanya kwa urahisi kuliko wengine, nami nalijua kwa sababu nililifanya.

KOSA LANGU LA MWAKA 2013

Mwaka 2013 nilipanga chumba katika safu ya vyumba kumi na viwili pembeni mwa Jinja, hivi vyumba vya safu ambavyo huku kwetu tunaviita mizigo. Karibu sote tulikuwa watu wa viwandani. Choo kilikuwa kimejaa tangu Krismasi. Mwenye nyumba akaja siku moja akasema kuanzia mwezi ujao kodi si shilingi 50,000 tena, ni 80,000. Mimi nilikuwa nimechaguliwa mjumbe wa idara yangu mwaka uliotangulia, na kichwa changu kilikuwa kimejaa habari za mgomo. Nikawakusanya wapangaji uani, nikawaambia: "Tusilipe hata shilingi moja mpaka choo kitapishwe na kodi irudi palepale." Watu walipiga makofi. Mpaka leo nayasikia makofi yale, na hayanifurahishi.

Tulikaa hivyo miezi miwili. Mwezi wa tatu, sisi tukiwa kazini zamu ya mchana, mwenye nyumba alikuja na vijana na gari, wakang'oa milango na kufumua mabati. Jioni ile mvua ilinyesha. Jirani yangu, mama mwenye watoto watatu, alikuta magodoro na vitabu vya shule vimelowa uani, na debe lake la unga limekuwa uji. Tulikimbilia kituo cha polisi tukiwa kundi zima, tukapiga kelele za haki. Afisa akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Kodi mmelipa?" Tukasema hapana, tulikuwa tumegoma. Akafunga kitabu chake.

Jambo baya zaidi lilikuwa hili: zile pesa za miezi miwili hatukuwa nazo. Hakuna aliyeziweka. Huyu alilipa ada ya shule, huyu alipeleka mgonjwa hospitali, na huyu, tuseme kweli, alikunywa waragi. Kama tungeweza kuziweka mezani pale polisi na kusema, "Pesa hizi hapa, tunachobishania ni nyongeza tu," habari ingekuwa nyingine. Mama yule alihamia kwa dada yake, na hakunisemesha mwaka mzima. Sikumlaumu.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Mgomo wa kiwandani una nguvu kwa sababu mashine ikisimama, tajiri hupoteza kila saa inayopita. Tena mgomo una njia yake: kuna mkataba, kuna ofisa wa kazi, kuna sheria ya migogoro ya kazi ya mwaka 2006 inayoeleza mgogoro upelekwe wapi kwanza. Mwenye nyumba hapotezi namna hiyo. Watu wanaotafuta chumba karibu na kiwanda wamepanga foleni. Na kila siku unayokaa bila kulipa, deni huongezeka upande wako, si upande wake. Ulidhani umeshika fimbo, kumbe umempa yeye.

Ndiyo maana nasema, na najua wako vijana wa chama watakaoniona mwoga: usiache kulipa kodi ili kumwadhibu mwenye nyumba. Lipa ile kodi mliyopatana, yote, siku yake, kisha gombana naye juu ya mengine ukiwa huna deni.

SHERIA INASEMAJE

Enzi ile sheria za nyumba zilikuwa za wakati wa mkoloni, na ni wachache waliozijua. Mwaka 2022 Uganda ilipata Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji, na zile za zamani zikafutwa. Sheria hii imeandikwa kwa Kiingereza, na katika safu moja ya mizigo utamkuta Msoga, Mlugbara, Mwalur, Mteso, Mjaluo kutoka ng'ambo ya mpaka na Mkongo aliyekuja kutafuta kibarua. Lugha tunayokutana nayo uani ni Kiswahili, kwa hiyo nitaeleza kwa Kiswahili yale yanayomhusu mtu wa chumba kimoja.

Kwanza, kodi haiwezi kupandishwa kiholela. Mwenye nyumba haruhusiwi kuongeza zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, isipokuwa serikali ikiweka kiwango kingine. Fanya hesabu mwenyewe: chumba cha shilingi 80,000 kinaweza kufika 88,000 mwaka huo, hakiwezi kufika 110,000.

Pili, kumtoa mpangaji kunahitaji amri ya mahakama. Ukichelewesha kodi zaidi ya siku 30, mwenye nyumba ana haki ya kwenda mahakamani kudai deni lake na kuomba utolewe. Lakini kwenda mahakamani ni jambo moja, na kung'oa mlango ni jambo jingine. Anayemtoa mtu bila amri hiyo ametenda kosa, na anaweza kutozwa faini au kufungwa. Tazama basi zile siku 30. Kwa hesabu hiyo sisi wa mwaka 2013 tungekuwa tumemfungulia mwenye nyumba mlango wa mahakama kwa mikono yetu wenyewe.

Tatu, na hapa ndipo sheria ilipotuacha nje kidogo: mapatano ya thamani ya shilingi 500,000 na zaidi ni lazima yaandikwe. Vyumba vyetu vingi haviifikii thamani hiyo kwa mwezi, kwa hiyo mwenye nyumba atakwambia kwamba kwa chumba chako maneno ya mdomo yanatosha. Yaweza kuwa yanatosha kisheria, lakini hayatoshi siku ya ugomvi. Mwenye duka kubwa mjini analindwa na karatasi kwa lazima, mtu wa mzigo inambidi aidai mwenyewe.

Hiyo karatasi si lazima iwe ya wakili. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha: majina ya pande zote mbili, chumba kipi, kodi kiasi gani, hulipwa tarehe ngapi, amana imelipwa kiasi gani na itarudishwa lini, umeme wa Yaka unagawanywaje kama mita ni moja kwa vyumba vinne, nani hutapisha choo. Sahihi mbili, mashahidi wawili, tarehe. Andika pia hali ya chumba siku unapoingia: kioo kilichovunjika, kitasa kibovu, ukuta uliopasuka. Mwenye simu ya picha apige picha. Nimeona amana za watu zikiliwa kwa sababu ya kioo ambacho kilivunjwa na mpangaji wa kabla yao.

Na kwa ndugu zetu ambao hawakupata shule: usiweke dole gumba kwenye karatasi ambayo hujasomewa. Iko sheria ya zamani ya kuwalinda wasiojua kusoma, na bado inafanya kazi. Inasema kwamba anayemwandikia mtu asiyejua kusoma lazima amsomee na kumweleza, kisha aandike jina lake kamili na anwani yake kwenye karatasi hiyo hiyo. Akikataa kuandika jina lake, ujue ana sababu. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba, na karatasi za Kiingereza cha wanasheria hunitoa jasho. Huwa naomba nisomewe mara mbili, wala sioni haya.

"SITOI RISITI"

Hapa tufike kwenye shida yenyewe. Wengi husema: "Nilimwomba risiti, akakataa. Akasema kama sikumwamini nitafute chumba kwingine."

Inafaa kuelewa kwa nini anakataa. Mara nyingi si kwa sababu anapanga kukuibia. Anaogopa ushuru. Tangu Julai 2022 mwenye nyumba ambaye ni mtu binafsi hutozwa asilimia 12 ya mapato yake ya kodi yanayozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka. Mwenye vyumba kumi vya shilingi 80,000 hupokea shilingi 9,600,000 kwa mwaka, kwa hiyo yumo ndani. Kila risiti anaiona kama ushahidi dhidi yake. Huo ni ugomvi wake na serikali, si wako. Lakini ukimjua mtu anaogopa nini, utajua namna ya kusema naye.

Mimi huwashauri watu wasibishane juu ya neno "risiti". Sema naye kwa upole: "Mzee, nafanya kazi za zamu, siku nyingine hutanikuta. Nipe nambari yako ya simu nikutumie kodi huko." Wengi hukubali, maana wanapenda pesa ifike mapema. Ukituma, ujumbe unaorudi kwenye simu yako una tarehe, kiasi, jina la mpokeaji na nambari ya malipo. Hiyo ni risiti ambayo hakuiandika yeye. Patana naye mapema nani hubeba gharama ya kutoa pesa, kwa sababu nimeona watu wakitukanana kwa shilingi 1,500. Hakikisha pia kwamba jina linalotokea ni la mwenye nyumba au mtu aliyetajwa kwenye mapatano, si la dalali wala la msimamizi ambaye kesho atafukuzwa kazi.

Simu huibwa na simu huanguka kwenye ndoo ya maji. Kwa hiyo nunua daftari la watoto la kurasa 48, na kila ulipapo andika tarehe, kiasi, mwezi unaolipiwa na nambari ya malipo. Ukilipa mkononi, muombe atie sahihi kwenye daftari lako. Watu wanaoona neno "risiti" kama sumu hutia sahihi kwenye daftari bila wasiwasi. Akikataa hata hilo, lipa mbele ya jirani, na jirani aweke sahihi yake. Mkifanya hivyo vyumba vyote kumi na viwili, kila mmoja shahidi wa mwenzake, mwenye nyumba atajua kwamba hapa kuna watu wanaohesabu.

Kuna hila moja ambayo lazima niitaje. Mwenye nyumba anayetaka kukutoa ili aingize mtu wa kodi ya juu huacha kupokea kodi yako. Ukimpelekea anasema, "Ngoja kwanza," au hayupo, au anairudisha kwenye simu. Wewe unafurahi, unazitumia. Baada ya miezi miwili anakwenda kusema kwamba hulipi. Akikufanyia hivyo, tuma tena. Ikirudi, hifadhi ule ujumbe wa kurudishwa, kisha siku hiyo hiyo peleka kiasi kile kile kwenye akiba yako katika chama cha akiba na mikopo au benki, uandike daftarini kwamba ni kodi ya mwezi fulani iliyokataliwa. Mwandikie barua fupi kwamba kodi yake ipo na ataipata akiitaka, nakala ubaki nayo, na mtu mmoja ashuhudie ulipoipeleka. Usiiguse pesa hiyo hata mtoto akililia viatu. Najua ninachokisema ni kigumu.

Mwaka jana mama mmoja wa idara ya kufunga mifuko alidaiwa miezi minne. Mwenye nyumba alikuja na sauti kubwa mbele ya mwenyekiti wa LC na kamati yake. Mama yule hakupiga kelele. Alitoa daftari lake, lililozungushiwa karatasi ya nailoni kwa sababu ya mvua, akasoma nambari moja baada ya nyingine, na mjumbe mmoja akawa anazilinganisha na simu yake. Walipofika mwezi wa tatu mwenye nyumba mwenyewe akasema labda alichanganya na chumba namba saba. Jambo likaishia hapo, bila wakili, na mama yule bado anakaa katika chumba kile.

UKIFUNGIWA

Ukirudi kazini ukakuta kufuli si lako, usilivunje. Najua hasira inavyokuwa, mtoto yumo nje na chakula kiko ndani. Lakini ukivunja, kesho utakuwa mshitakiwa wa kuharibu mali, tena ataongeza kwamba redio yake ilikuwa ndani imepotea. Ita majirani wawili waone. Piga picha ya kufuli. Nenda kwa mwenyekiti wa LC usiku huo huo, kisha polisi, na usiondoke polisi bila nambari ya kitabu cha kituo ambamo shauri lako limeandikwa. Bila nambari hiyo, kesho hakuna atakayekumbuka kwamba ulifika.

Juu ya mwenyekiti wa LC nataka tuelewane. Ni mtu wa kwanza wa kumwendea, na wengi wao wametusaidia. Mahakama ya LC ina mamlaka ya kusikiliza madeni na mapatano yasiyozidi shilingi 2,000,000. Lakini mahakama hiyo ni kamati inayokaa, inasikiliza pande mbili na kuandika uamuzi wake. Mwenyekiti peke yake, na muhuri wake mfukoni, si mahakama. Barua yake inayosema "mtu huyu atoke kwa siku tatu" si amri ya kukutoa, hata iwe na mihuri mitano. Mwambie hivyo kwa heshima, mbele ya mashahidi.

Kwa amana isiyorudishwa, au pesa nyingine unayodai, iko njia ya madai madogo katika mahakama ya hakimu, kwa kiasi kisichozidi shilingi 10,000,000. Humo mawakili hawaruhusiwi, yaani mwenye nyumba tajiri hawezi kuja na mtu wa tai kukutisha kwa Kiingereza. Kwanza unamwandikia barua ya kudai, unampa siku 14, na zikipita bila malipo unakwenda. Tawi letu limekwisha kuwasaidia watu kuandika barua za namna hiyo, na mara nyingi barua peke yake imetosha.

MWENYE NYUMBA AKIFARIKI

Shauri hili huja mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mzee mwenye vyumba amekufa. Juma la pili anakuja mwana mkubwa, "Kodi nipeni mimi." Juma la tatu anakuja mjane, na mwisho wa mwezi anakuja ndugu wa marehemu na kijana mwenye fimbo. Ukimlipa mmoja, wengine wawili wanakudai. Wapangaji maskini wamewahi kulipa kodi moja mara mbili kwa ajili ya ugomvi wa urithi usiowahusu.

Hapo usichague upande, wala usimlipe anayepiga kelele zaidi. Omba kuona barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mali ya marehemu. Kama bado haijatoka, wapangaji wote mwende pamoja kwa LC, ukoo uitwe, na iandikwe nani apokee kwa muda huo au pesa ziwekwe wapi. Vivyo hivyo akija mtu na kusema, "Nimenunua nyumba hii." Aje na yule aliyeuza, au barua yake. Mpaka hapo, lipa ulipokuwa ukilipa.

Kwa wenzetu wa mashamba ya miwa na chai wanaokaa katika laini za kampuni, mambo yenu ni tofauti. Nyumba ile imefungwa na kazi, na ugomvi wake unapitia mkataba wa pamoja na mjumbe wenu wa chama, si kwa LC. Ila usiondoke laini kwa neno la msimamizi tu siku unapoachishwa kazi. Pitia kwanza tawini tuone hesabu yako yote imelipwa na mkataba unakupa siku ngapi.

Sipendi kuwasema wenye nyumba wote kama wanyama. Wengi wao walikuwa wafanyakazi kama sisi. Wamestaafu, wakajenga vyumba vinne kwa mkopo, na mkopo haungoji. Yuko mama mmoja mjane ambaye kodi za vyumba vitatu ndizo zinazomsomeshea wajukuu. Na wako wenzetu, tena wanachama wenye kadi, ambao huhama usiku na godoro kichwani wakiwa na deni la miezi mitatu, wakaacha choo kimeziba. Mtu kama huyo anatuharibia sote, maana anayekuja nyuma yake ndiye anayedaiwa kodi ya miezi sita mbele. Ukikwama kweli, kazi imesimama au umelazwa hospitali, mwendee mwenye nyumba kabla ya tarehe na si baada yake, mpatane utalipa vipi, na mliyopatana yaandikwe kwenye lile daftari.

Vijana wa tawi hupenda kuniuliza kama nyongeza haramu nayo ilipwe. Hapana. Ukidaiwa 110,000 na kodi ni 80,000, tuma 80,000 siku yake, na nyuma yake tuma barua: umepokea kodi ya mwezi huu, nyongeza hii imezidi asilimia 10, nipo tayari kuzungumza. Barua hiyo itiwe sahihi na wapangaji wote wa safu, si na mmoja anayejua kuandika. Hivyo ndivyo tungefanya mwaka 2013 kama ningekuwa na akili ya leo, na choo tungeandika katika barua hiyo hiyo.

Anayekuja ofisini kwa shauri la nyumba aje na daftari, simu yenyewe iliyotumia pesa, mapatano kama yapo, na jirani mmoja aliyeona. Tunafungua Jumamosi asubuhi. Lakini aliyefungiwa chumba asingoje Jumamosi. Ampigie mjumbe wa idara yake usiku huo huo, na mjumbe asizime simu.